Sura ya Nne: Wavulana Wawili wa 1938

Ukivuka kizuizi cha Sirari na kuingia Isebania, upande wa Kenya, barabara ya lami inaelekea kaskazini, inapita Migori, na kitambo kidogo baada ya hapo unaanza kuona miwa. Miwa hiyo inakusindikiza hadi Awendo, mji uliopata jina kwa kiwanda chake cha sukari. Enzi za ukoloni kiwanda hakikuwepo. Palikuwa na maboma ya Wajaluo, mashamba ya mtama, ng'ombe, na shule za misheni zilizotawanyika vilimani. Pande hizo ndiko alikozaliwa Philip Ochieng mwaka 1938, mtu ambaye baadaye wasomaji wa magazeti ya Nairobi na Dar es Salaam walimjua kwa kalamu isiyomwogopa mtu na kwa kusoma kusikokuwa na mwisho.

Mwaka huohuo, tarehe 12 Novemba, katika kijiji cha Lupaso, wilaya ya Masasi, kusini kabisa mwa Tanganyika, alizaliwa Benjamin William Mkapa. Watanzania wengi wanamkumbuka kama Rais wa awamu ya tatu. Kabla ya hapo alikuwa mwandishi wa habari, mhariri, kisha Waziri wa Mambo ya Nje. Walipofikisha miaka thelathini na kidogo, wavulana hawa wawili walikuwa wote Dar es Salaam, kila mmoja katika gazeti lake, wakiandika juu ya Uganda ya Idi Amin, Msumbiji iliyokuwa vitani, Vietnam na China. Mwaka 1972 magazeti yao yaliunganishwa, na Mkapa akawa mhariri wa Ochieng.

Nawaweka pamoja kwa sababu wote wawili walizaliwa jirani na mipaka iliyochorwa na wageni, mmoja karibu na huu wa Sirari, mwingine karibu na Mto Ruvuma. Na kwa sababu nasikia mara kwa mara, hata kwa walimu, kwamba habari za kimataifa ni kazi ya watoto wa mjini, waliokua na televisheni sebuleni na mjomba ubalozini. Maisha ya wawili hawa yanakanusha jambo hilo tangu utotoni mwao.

*

Tuanze na mpaka wenyewe, maana ndio shule ya kwanza.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana nchi kwa mstari ulioanzia pwani, karibu na Vanga, ukazunguka Kilimanjaro, kisha ukanyooka moja kwa moja hadi mahali ambapo latitudo ya kwanza kusini mwa ikweta inakutana na ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Waliokubaliana hawakuwahi kukanyaga nchi ya Wakurya. Mstari wao ulipita katikati ya koo. Wakira, Wanyabasi, Wairege na Wagumbe wakajikuta wako pande zote mbili, na Wajaluo vilevile: Kijaluo kinachozungumzwa Awendo kinasikika Shirati, Rorya, bila kuhitaji mkalimani.

Mtoto anayekulia Sirari hujifunza mambo haya kabla ya kujua kusoma. Mama anamtuma dukani na shilingi za Kenya, anarudi na chenji ya Tanzania, na ole wake akikosea hesabu. Nyumbani anasema Kikurya, shuleni Kiswahili, sokoni anamsikia muuza ndizi akiita wateja kwa Kikisii na muuza samaki akijibu kwa Kijaluo. Bei ya mahindi ikipanda Nairobi, gunia linaondoka Tarime usiku huohuo, na mtoto anasikia wakubwa wakibishana kwa nini serikali imefunga mauzo ya nafaka au kwa nini ya upande ule imeweka ushuru mpya. Anajua nani ana cheti cha kuzaliwa cha huku na nani ana kitambulisho cha kule. Anajua njia za panya. Anajua pia kwamba shangazi aliyeolewa kilomita mbili tu kutoka nyumbani huchagua rais mwingine.

Chuo kikuu kinamfundisha mwanafunzi mambo haya kwa majina makubwa: biashara ya kimataifa, uraia, diplomasia, sera ya fedha. Mtoto wa mpakani anayajua kama bei ya unga. Hata magazeti na redio zake zilikuwa za pande mbili. BBC ilipoanza matangazo ya Kiswahili Juni 1957, na Sauti ya Ujerumani mwaka 1963, vijiji vya mpakani vilikuwa tayari vimezoea kusikiliza stesheni ya Nairobi na ya Dar es Salaam na kulinganisha. Kulinganisha huko ndiko kazi yenyewe ya mwandishi wa habari za nje. Kuna tukio moja lenye simulizi mbili, na wewe umekaa katikati ukipima ipi ina mashiko.

Sisemi kwamba mpaka peke yake unatosha. Ungetosha, Sirari ingekuwa imejaza vyumba vya habari vya dunia nzima. Kuna kitu cha pili ambacho Ochieng na Mkapa walikipata na wenzao wengi hawakukipata: vitabu, na watu waliowalazimisha kuvisoma.

*

Kusini mwa Nyanza elimu ilifika kwa mkono wa wamisionari. Waadventista Wasabato walifika Gendia, ufukweni mwa ziwa, mwaka 1906. Arthur Carscallen, aliyewaongoza, alifuatana na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka nchi tunayoiita leo Malawi. Hilo la Nyambo husahaulika, nami nalitaja makusudi: miongoni mwa waliowaletea Wajaluo wa ziwani kitabu alikuwepo Mwafrika aliyetoka mbali kuliko wengi wao walivyowahi kufika. Wakatoliki nao walijenga misheni zao. Hadi Ochieng anazaliwa, mvulana wa Awendo angeweza kuanza shule karibu na kwao, ila kuendelea ilikuwa kitendawili. Kila hatua ilikuwa na mtihani, na kila mtihani uliwaacha wengi njiani. Wasichana waliachwa mapema zaidi.

Ochieng alivuka michujo hiyo yote hadi Alliance, Kikuyu, shule iliyofunguliwa mwaka 1926 na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti na ambayo katika miaka ya 1950 ilichukua vijana wachache waliofaulu vizuri kuliko wote Kenya nzima. Mwalimu mkuu alikuwa Edward Carey Francis, mtaalamu wa hisabati kutoka Cambridge, aliyeacha kazi ya chuo kikuu Uingereza akaja kufundisha Maseno mwaka 1928, kisha akaongoza Alliance kuanzia 1940 hadi 1962. Alikuwa mkali, mcha Mungu, asiyevumilia uvivu wala sentensi iliyolegea. Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma hapo kati ya 1955 na 1958, na ameacha kitabu kizima kuhusu miaka hiyo.

Hebu tutazame kwa makini jinsi ilivyokuwa kusoma Alliance wakati huo, maana hapo pana jambo zito. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya Oktoba 1952. Nje ya uzio wa shule, nchi ya Wakikuyu ilikuwa imejaa askari, vijiji vya kulazimishwa na kambi za kizuizini. Ndani ya uzio, wavulana walikuwa wakicheza tamthilia ya Shakespeare kila mwaka na kujifunza kwamba Uingereza ndiyo mama wa haki na ustaarabu. Kijana wa Kikuyu aliyerudi likizo na kukuta kijiji chao kimebomolewa alirejea muhula uliofuata kuandika insha juu ya uhuru wa raia wa Uingereza. Kijana wa Kijaluo kutoka mpakani alilala kitanda cha jirani na kijana huyo, akasikia usiku yale ambayo redio ya serikali haikuyasema mchana.

Hapo ndipo akili ya kuhoji inapozaliwa. Carey Francis aliwapa Kiingereza safi akitarajia watoke watumishi waaminifu wa serikali na kanisa. Wengi walitoka hivyo. Wengine, akiwemo Ochieng, walichukua Kiingereza hicho wakakitumia kumhoji aliyewapa. Hadi uzeeni Ochieng aliandika safu ambazo wahariri vijana walizisoma kwa hofu, kwa sababu alimkosoa kila aliyeharibu sarufi, awe mwandishi mchanga au waziri. Watu walidhani anajivuna. Mimi naiona ile nidhamu ya bwenini. Mtu aliyefundishwa kwamba sentensi mbovu huficha wazo bovu hawezi kuisoma taarifa ya ubalozi kwa macho ya kuazima.

*

Mkapa alipita njia ya Wakatoliki, nayo ilikuwa na ukali wake. Alikulia katika eneo la Wabenediktini wa Ndanda, watawa waliotoka Ujerumani na kuweka misheni yao huko mwaka 1906. Alianza masomo kijijini Lupaso, akaenda Ndanda, akapelekwa seminari ya Kigonsera, kisha akarejea Ndanda kabla ya kwenda Pugu. Kwa mtoto wa Kimakua aliyezaliwa kijijini, safari hiyo peke yake ilikuwa ya kuvuka nchi. Seminari ilimpa Kilatini na ukimya wa kusoma. Ng'ambo ya Ruvuma palikuwa na Wamakua wenzake, Wamakonde na Wayao waliokuwa chini ya Wareno, na habari za kazi ya kulazimishwa zilivuka mto pamoja na waliokimbia. Mtoto wa Masasi alijua maana ya ukoloni wa Kireno kabla ya kujua Lisbon iko wapi kwenye ramani.

Pugu, au St. Francis College kama ilivyoitwa, ndiko Mwalimu Nyerere alikofundisha hadi Machi 1955. Mwezi huo alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akadai kwamba Tanganyika ijulikane kuwa nchi ya Waafrika na iandaliwe kujitawala. Aliporudi aliacha ualimu. Fikiria athari ya jambo hilo kwa wanafunzi wa shule ile. Mwalimu wao wa jana, mtoto wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka kumi na miwili, amepanda ndege kwenda kuhojiana na mabwana wa dunia. Kuanzia siku hiyo mambo ya kimataifa yalikuwa na sura wanayoijua na sauti iliyowahi kuwafundisha darasani.

Kutoka Pugu Mkapa akaenda Makerere, Kampala, ambako alihitimu shahada ya Kiingereza mwaka 1962. Makerere ya wakati ule ilikuwa moja kwa nchi zote tatu za Afrika Mashariki, pamoja na Zanzibar. Mtanganyika alikaa meza moja na Mganda na Mkenya, wakabishana juu ya nani atapata uhuru kwanza na shirikisho litakuwaje. Sijui shule nyingine katika historia yetu iliyofanya kazi hiyo vizuri kuliko Makerere ile. Tulipoanzisha kila nchi chuo chake tulipata nafasi nyingi zaidi, jambo la heri, lakini tulipoteza ile meza.

Baada ya shahada alifanya kazi serikalini kwa muda, akapata nafasi ya kusoma masuala ya kimataifa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1966 Mwalimu alimkabidhi gazeti la Kiingereza la chama tawala cha TANU, The Nationalist. Hakuwahi kuwa ripota. Alipelekwa London kuona kazi inavyofanywa katika gazeti la Daily Mirror, akarudi kuongoza watu waliokuwa wameijua kazi kabla yake. Leo hatua hiyo ingepigiwa kelele, na pengine ingestahili. Lakini nchi yenye miaka mitano ya uhuru ilimchukua mtu aliyesoma fasihi na diplomasia, ikaamini kwamba mbinu za kazi atajifunzia kazini. Kwa Mkapa imani hiyo haikupotea bure.

*

Ochieng alikwenda Marekani mapema zaidi, kwa njia iliyobadilisha maisha ya kizazi kizima.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 vijana waliomaliza sekondari Kenya walikuwa wengi kuliko nafasi za Makerere, na Nairobi hapakuwa bado na chuo kikuu kamili. Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi kutoka familia ya Kisiwa cha Rusinga, alizunguka Marekani mwaka 1959 akihutubia vyuo, makanisa na vyama vya wafanyakazi, akiomba nafasi za masomo. Nafasi zilipatikana. Nauli ndiyo ilikuwa shida, na serikali ya kikoloni haikufurahia mpango huo hata kidogo. Wamarekani weusi mashuhuri walitia saini barua ya kuomba michango: Jackie Robinson wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier. Huku nyumbani watu waliuza ng'ombe, wakaandaa karamu za chai za kuchangisha, wakakusanya shilingi mojamoja.

Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Ochieng alikuwa mmoja wao. Wengi hudhani Barack Obama, baba wa rais wa baadaye wa Marekani, naye alipanda ndege hiyo. Hakupanda, alikwenda Hawaii mwaka uleule kwa msaada mwingine, na baadaye yeye na Ochieng wakawa marafiki Nairobi. Hadi mwaka 1963 mpango huo, ambao Wakenya waliuita ndege za Mboya, ulikuwa umepeleka vijana karibu 800 wa Afrika Mashariki, na Wangari Maathai alikuwemo katika kundi la 1960. Wapo na Watanganyika walionufaika.

Ochieng alifikia Chuo Kikuu cha Roosevelt, Chicago. Chuo hicho kilikuwa na historia yake. Kilianzishwa mwaka 1945 baada ya mkuu wa chuo kingine mjini humo, Edward Sparling, kukataa kuwapa wadhamini hesabu za wanafunzi kwa rangi na dini zao, kwa kuwa alijua hesabu hizo zingetumika kuwapunguza weusi na Wayahudi. Aliondoka, na walimu na wanafunzi wengi wakaondoka naye. Kwa hiyo mvulana kutoka Awendo alitua katika jiji lililogawanyika kwa rangi, ndani ya chuo kilichozaliwa kwa kuukataa mgawanyiko huo.

Tuliofundishwa kwamba Marekani ni nchi moja tunahitaji kulitafakari hili. Kijana aliyesoma Alliance juu ya haki za Kiingereza huku vijiji vikichomwa sasa anasoma juu ya demokrasia ya Marekani huku mtu mweusi wa Mississippi hawezi kupiga kura. Mara mbili katika ujana wake aliwekwa mahali ambapo maneno na matendo ya wakubwa wa dunia hayakulingana. Atakayeandika habari za nje bila kupitia somo hilo, kwa njia yoyote ile, ataishia kunakili taarifa za wizara.

*

Katikati ya miaka ya 1960 Ochieng aliingia gazeti la Nation, Nairobi. Kisha akaja Dar es Salaam, na kwa maoni yangu hapo ndipo elimu yake ilipokamilika.

Februari 1970 serikali ya Tanzania ililitaifisha gazeti la The Standard, lililokuwa mali ya kampuni ya Lonrho. Rais mwenyewe aliandikwa kuwa mhariri mkuu. Aliyeendesha gazeti kila siku alikuwa Frene Ginwala, mwanamke wa Afrika Kusini mwenye asili ya Kihindi, mwanachama wa ANC, ambaye baada ya miaka mingi alikuja kuwa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Kusini ya kidemokrasia. Dawati la habari za nje alipewa Mwingereza, Richard Gott. Ochieng alijiunga na watu hao.

Na Dar es Salaam ya wakati ule! Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake hapo tangu 1963. FRELIMO ya Msumbiji ilizaliwa hapo mwaka 1962, na kiongozi wake Eduardo Mondlane aliuawa hapohapo kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, Februari 1969. Vyama vingine vya ukombozi, ANC, MPLA, ZANU, ZAPU na SWAPO, vilikuwa na ofisi mjini. Chuo Kikuu cha Mlimani kilikuwa na Walter Rodney akiandika kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Wachina walikuwa wanaanza kujenga reli ya kwenda Zambia. Mwandishi hakuhitaji tiketi ya ndege ili aandike habari za nje. Alitembea kwa miguu kutoka ofisini, akanywa kahawa na mtu ambaye miaka michache baadaye angekuwa waziri Maputo au Luanda.

Julai 1971 palitokea jambo lililoonyesha bei ya kazi hii. Nchini Sudan, Rais Jaafar Nimeiry aliponea chupuchupu mapinduzi, akarudi madarakani baada ya siku tatu na kuwanyonga viongozi wa Chama cha Kikomunisti, akiwemo katibu mkuu wao Abdel Khaliq Mahjub. The Standard liliandika tahariri ya kulaani mauaji hayo. Serikali ya Tanzania haikutaka ugomvi na Khartoum, na Ginwala akaondolewa. Gazeti la serikali lilikuwa limesema juu ya nchi rafiki jambo ambalo serikali yenyewe isingelisema.

Nimelitafakari tukio hili mara nyingi, na hukumu yangu ni kwamba Mwalimu, ambaye namheshimu mno, hakutenda haki siku ile. Tahariri ilisema kweli. Watu walikuwa wamenyongwa baada ya kesi za haraka za kijeshi. Lakini kwa kijana aliyekuwemo katika chumba kile cha habari, hakuna darasa lingeweza kumfundisha kwa uwazi zaidi kwamba habari za nje ni habari za ndani, na kwamba sentensi moja juu ya Khartoum inaweza kumwondoa mtu kitini Dar es Salaam.

Mwaka uliofuata The Standard na The Nationalist yakawa gazeti moja, Daily News, na Mkapa akawa mhariri mtendaji. Mmakua wa Lupaso na Mjaluo wa Awendo wakawa chumba kimoja. Yaliyofuata ni ya sura nyingine: Mkapa akiwa msemaji wa Rais, mkurugenzi wa kwanza wa Shirika la Habari Tanzania, Shihata, mwaka 1976, kisha Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 1977, Ochieng akirudi Nairobi, akitoa pamoja na Joseph Karimi kitabu juu ya urithi wa Kenyatta mwaka 1980, akiongoza Kenya Times, gazeti la chama tawala cha KANU, katika miaka migumu ambayo wengi hawakumsamehe, na mwaka 1992 akiishtaki kitabuni taaluma yake mwenyewe. Mkapa alifariki Julai 2020, Ochieng Aprili 2021.

*

Nirudi Sirari, kwa kuwa kitabu hiki nakiandika kwa ajili ya wasomaji wa huku.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kizazi kizima cha Sirari kilikua kikitazama Isebania kama nchi ya kuendea usiku. Harusi zilifanyika bila wajomba. Sabuni ya Kenya ikawa magendo, na kijana aliyekamatwa nayo alilala mahabusu. Wazee wa Tarime bado wanaisimulia miaka ile, na simulizi zao zina kila kitu ambacho mwandishi wa habari za nje anakitafuta: uamuzi uliofanywa mbali, sababu zilizotangazwa na zile zilizofichwa, na mtu wa kawaida aliyelipa gharama. Ni wachache mno walioziandika.

Leo mpaka una kituo cha pamoja ambamo maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja. Malori yanapanga foleni, wabadilisha fedha wanaita, bodaboda wanavusha abiria kutwa nzima. Mtoto wa hapa bado anapata ile shule ya kwanza, ya bure, aliyoipata Ochieng. Ile ya pili haipati. Shule nyingi za wilaya hii hazina maktaba ya kuitwa maktaba. Kuna makabati yenye vitabu vya kiada vilivyofungiwa, na ufunguo ameondoka nao mwalimu aliyehamishwa. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kumaliza bila kusoma gazeti hata moja kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Lugha ya tatu ndiyo kabisa: Kifaransa, kinachozungumzwa Burundi na Kongo, nchi tulizo nazo jumuiya moja, hakifundishwi katika shule nyingi za sekondari mkoani. Na kwa binti wa Kikurya kuna mzigo mwingine juu ya huo, kwa kuwa Desemba ya mwaka wa ukeketaji bado inamtoa shuleni na kumwingiza katika ndoa kabla hajamaliza kidato chochote.

Salim Ahmed Salim wa Zanzibar alianza kama mwanahabari kijana, akawa balozi Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22, na masomo yake ya chuo kikuu akayafuata akiwa tayari kazini, Delhi na baadaye Columbia. Namtaja kwa vijana wanaoniambia wameshachelewa. Hawajachelewa. Wanachokosa ni cha kusoma na mtu wa kuwauliza wamesoma nini.

Kwa hiyo ombi langu ni la vitendo. Mwalimu wa Kiswahili au wa historia hapa Sirari, wape wanafunzi wako kazi moja muhula huu: wachukue gazeti la Dar es Salaam na la Nairobi, yote ya siku moja, habari moja iliyoandikwa na yote mawili, waandike tofauti. Mzazi mwenye duka, nunua gazeti liache kaunta wateja walisome. Ninyi wahariri wa Dar es Salaam mnaotafuta mwandishi wa kuwaeleza uchaguzi wa Kenya, msimtume mtu kutoka makao makuu aliyelala hotelini siku mbili. Muulizeni kijana wa mpakani, mlipeni, mkosoeni sentensi zake kwa ukali kama Carey Francis alivyofanya, na mwaka ujao mpeni kazi nyingine. Halmashauri nayo ifungue yale makabati.